Na Akishikwa Ijumaa Jioni?

Meseji iliingia saa nne asubuhi nikiwa dukani Mwembe Tayari, Mombasa, namhesabia mteja chenji. Nikaisoma, nikamaliza kuhesabu, nikamwambia mama wa watu asante karibu tena, alafu nikaenda stoo nikakaa juu ya katoni ya sabuni. Nimeanguka mtihani wa kazi. Si ile ya kukosa maksi mbili ukalaumu bahati, hapana, walitaka 60 mimi nikapata 47, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesoma. Wallahi nilisoma. Miezi miwili taa ya chumba changu ndo ilikuwa ya mwisho kuzimwa mtaa mzima.

Idara yenyewe sitaitaja manake bado niko kwenye mlolongo wake na sitaki maneno. Ila watu wakisikia msichana wa Likoni anatafuta kazi ya sare wanafikiria ile ya uwanjani tu, unapimwa kimo, unafunguliwa mdomo meno yahesabiwe, unakimbizwa, jioni ushajua kama unaenda Kiganjo kwenye chuo cha polisi ama unarudi kwenu. Ziko nafasi ambazo kabla hujaonyesha mguu unaonyesha kalamu: katiba na sheria, habari ndefu ya kusoma na kujibu, hesabu, maumbo yanayofuatana, kuandika ripoti, na yale maswali ya ukimkuta mwenzako anafanya hivi wewe utafanyaje. Yangu ilikuwa maswali 80 kwa dakika 90. Nafasi zikitangazwa tena unaruhusiwa kurudia, na zilipotangazwa nilikuwa na kama wiki kumi na moja mkononi.

Kwanza niseme nilivyosoma mara ya kwanza, ili ukijiona hapo ujijue mapema. Nilinunua pdf ya kurasa 300 na kitu kwa grupu moja ya WhatsApp, shilingi 500, nikaiprinti kwa sababu macho yanauma kwa simu. Nikachukua na Katiba ya 2010 yenyewe, sura 18, vifungu 264, nikaisoma mwanzo mpaka mwisho mara tatu kama hadithi, na kalamu ile ya rangi ya njano napaka kila mstari unaoonekana muhimu, na kwa sababu sikujua upi si muhimu nikapaka yote, mpaka ungedhani kitabu kimemwagikiwa na manjano jikoni. Kila nilipofungua ukurasa nilikuwa naona kitu nakijua. Hapo ndo penye mtego wenyewe. Kukitambua kitu kikiwa mbele ya macho si sawa na kukitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa, na mtihani hauji na kitabu changu cha njano.

(Na wale wanaouza maswali ya mtihani Telegram kwa 1,500 ati yameibiwa, wachana nao. Hata wakiwa na ukweli, unaanzaje kazi ya kushika wezi kwa kununua mali ya wizi?)

Jioni ile nilivuka feri nikafika nyumbani, Mama hakuniuliza kitu, aliona tu vile nilivyovua viatu. Mamangu hupika mahamri na mbaazi, anauza hapo nje kwetu, saa kumi alfajiri yuko macho anakanda unga. Kesho yake nikaamka nimsaidie manake usingizi wenyewe haukuja, na katikati ya kusukuma akaniambia bila kuinua kichwa, "Sasa mtihani wenyewe ulikuwa wauliza nini?" Nikafungua mdomo. Nikaona sina la kusema. Miezi miwili ya kusoma, na siwezi kumweleza mamangu kitu kimoja kikakamilika. Nilisema "katiba, katiba hivi," nikanyamaza.

Mtu aliyenitoa hapo ni jirani yetu mmoja, sajini mstaafu, sote mtaani tunamwita Ami. Hushinda barazani kwake na kikombe cha kahawa tungu na redio. Nikaenda nikamwamkia shikamoo Ami, marahaba mwanangu, nikamweleza yaliyonifika, nikitarajia pole. Hakunipa pole. Akasema, "Tukio limetokea. Ripoti iko wapi?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia huwezi kupeleleza kesi ambayo hujaiandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, nenda kaandike lini, wapi, nini, vipi, na usiandike *nilishindwa* manake hiyo si taarifa, hiyo ni hisia.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96 nikakaa ufukweni Mama Ngina pale kwenye mawe, upepo unapeperusha karatasi, nikajaribu kukumbuka kila swali lililonitoa jasho. Ukiweza fanya hii usiku ule ule wa mtihani kabla hujalala, mimi nilichelewa wiki tano na mengi yalikuwa yameshapotea. Lakini yaliyobaki yalinitosha. Nikayagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, vitu sikuvijua kabisa, hivyo vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. La pili, vitu nilivisoma nikavijua jana yake nikavisahau siku yenyewe, hapo palijaa. La tatu ndo lilinishtua: kuna maswali 17 sikuyafikia. Sikuyasoma hata! Swali la hesabu namba 11 nililipigania dakika tisa hivi kwa ubishi tu, nikalikosa, na mbele yake kulikuwa na maswali mepesi ya maneno ambayo hata mdogo wangu angeyajibu.

Kwa hivyo shida yangu kubwa haikuwa ujinga, ilikuwa kusahau na saa, na dawa ya vitu hivyo viwili si kusoma zaidi. Ningerudi kuipaka katiba njano mara ya nne ningeanguka tena vizuri kabisa.

Nilianza na Mama. Nilimwambia kila alfajiri nitakusimulia kifungu kimoja kwa Kiswahili wakati wewe unakanda, bila kushika kitabu. Akasema sawa bora mikono isisimame. Siku ya tatu nikamletea kifungu cha 49, haki za mtu aliyekamatwa, nikajifanya wakili: lazima aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na lazima afikishwe kortini katika saa 24. Mama akageuza hamri kwenye karai. "Na akishikwa Ijumaa jioni?"

"Vipi?"

"Akishikwa Ijumaa saa kumi na moja. Saa ishirini na nne si Jumamosi jioni? Korti gani itakuwa wazi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisoma sehemu ile mara tatu, imepakwa njano, na sikuwa na jibu. Nikakimbia chumbani nikafungua: kama saa 24 zinaishia nje ya saa za korti ama siku ambayo si ya korti, basi afikishwe kabla ya kuisha siku ya korti inayofuata. Yaani Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu, Jumanne. Nikarudi nikamwambia. Akasema, "Ahaa. Na wa Alhamisi usiku?" Nikafikiria hapo hapo, Alhamisi saa mbili usiku mpaka Ijumaa saa mbili usiku, korti imefungwa, basi pia yeye Jumatatu. Mama akanyamaza kidogo alafu akasema hiyo sheria iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala seli, akaendelea na mahamri yake.

Kifungu hicho sitakisahau mpaka naingia kaburini. Na nikajua nimepata njia. Mtu ambaye hajasoma sheria anauliza lile swali ambalo wewe uliyesoma unaliruka, kwa sababu wewe unafikiria mtihani, yeye anafikiria kijana wa jirani aliyeshikwa wiki iliyopita. Na kumbe mtihani pia huuliza hivyo hivyo, haukuulizi kifungu cha 49 chasema nini, unakupa mtu na siku na saa.

Baadaye nikiwa mtandaoni nikakuta hii kitu imechunguzwa na wataalamu zamani sana. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa matokeo ya kujitahini mwenyewe, alikariri silabi zisizo na maana yoyote alafu akapima zinavyomtoka kichwani, na akaona kusahau kunaenda mbio sana mwanzoni alafu kunapungua mwendo. Na mwaka 2006 Roediger na Karpicke huko Marekani waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, wengine wakairudia kuisoma mara nne, wengine wakaisoma mara moja tu alafu mara tatu wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano wale wa kusoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao walikumbuka kama asilimia 40, na wale wa kujipima asilimia 61. Nilipoisoma hiyo nilitaka kulia, manake hilo la dakika tano ndo lililonidanganya mimi: ukimaliza kusoma unajisikia moto, unalala na furaha, na mtihani uko mwezi ujao.

Basi nikatengeneza kasha. Wazo si langu, ni la Sebastian Leitner, alilitoa mwaka 1972, mimi nilitumia tu boksi la viatu vya Bata na vipande vya katoni kugawanya vyumba vinne. Kadi nilikata kutoka kwa kalenda za mwaka uliopita, upande mmoja swali upande wa pili jibu, kila kadi kitu kimoja. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, inaulizwa kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, kila siku tatu. Cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili. Ukiikosa popote ilipo, inarudi chumba cha kwanza bila huruma, na hapo ndo pana uchungu wenyewe, manake utakuta kadi imefika chumba cha nne umeshaizoea unaringa nayo, siku hiyo inakugeuka. Kadi ya kifungu cha 25, haki nne zisizoweza kupunguzwa, ilinirudisha nyuma mara tano. Mateso, utumwa, kesi ya haki... na ya nne kila mara inatoroka. Amri ya kumleta mtu mbele ya korti. Nishaishika sasa.

Uzuri wa kadi ni kwamba zinakaa mfukoni. Wanaoishi Likoni wanajua foleni ya feri, na wanajua pia pale si pa kutoa simu ukaanza kusoma pdf, simu yenyewe utaisomea kwa mwizi. Kadi hakuna anayeitaka. Nilikuwa nabeba kumi na tano asubuhi kumi na tano jioni, kwenye foleni na juu ya maji, na kwa sababu mtembea kwa miguu halipi, nikasema hii ndo tuition ya bure ya serikali. Siku moja upepo ukanipokonya moja, mzee mmoja akaikanyaga kabla haijaenda baharini, akaiokota akaisoma kwa sauti, "Inspekta Jenerali wa Polisi anahudumu miaka mingapi?" akajijibu mwenyewe, "Mitano." Nikamwambia minne, mzee wangu, muhula mmoja na harudii. Akakataa. Dada mmoja na ndoo ya samaki akasema ni mitano kama rais. Kijana mwingine akasema anakaa mpaka rais amchoke. Mpaka tunafika ng'ambo ya pili feri nzima inabishana juu ya kifungu cha 245, na mimi nina jibu mkononi na hakuna anayeniamini.

Kitu kingine ambacho sikukitilia maanani mara ya kwanza ni lugha. Mtihani ni wa Kizungu, na Kizungu changu ni cha shule ya kutwa, kinatembea lakini kinachechemea. Nilikuwa nakariri sentensi za Kizungu nzima nzima bila kuzielewa, na wakibadilisha neno moja nimepotea. Mara hii kila kifungu nilikipitisha Kiswahilini kwanza, nikamsimulia Mama, alafu nikakirudisha Kizungu kwa maneno yangu. Na nikagundua maneno madogo ndo yanaua. Pale sheria inaposema "shall" hiyo ni lazima, pale inaposema "may" hiyo ni hiari, na swali zuri la kukuangusha linabadilisha hapo tu. Pia "or" na "and". Soma swali ukitafuta hayo kwanza kabla hujaangalia majibu. Mimi nilikuwa nayapigia mstari kwa penseli kwenye kila karatasi ya mazoezi mpaka mkono ukazoea.

Hesabu nilikuwa naichukia tangu darasa la sita, nisikudanganye kwamba niliipenda. Lakini hesabu ya mitihani hii haina mambo mengi, ni asilimia, uwiano, mwendo na muda, wastani, basi. Nikazichukua kutoka kwenye maisha. Treni ya Madaraka Express, Mombasa mpaka Nairobi kilomita 472, ikitumia muda wa saa tano mwendo wake wa wastani ni ngapi? 94.4. Ikichelewa nusu saa je? Mama akitumia unga wa 200 na vitu vingine vya 340, akauza mahamri 90 kwa kumi kumi, faida ni asilimia ngapi ya mtaji? (Hii tulipoifanya Mama akaniambia nisimtajie jirani.) Kila siku maswali kumi, si zaidi, lakini kila siku.

Maumbo ndo yalinisumbua zaidi, yale ya michoro sita inafuatana uambiwe wa saba ni upi. Nilikuwa naangalia mchoro mzima kwa pamoja nachanganyikiwa. Kilichonifungua macho ni leso. Nilikuwa nimekaa naangalia leso ya Mama kwenye kamba, pindo lake linakwenda ua, jani, jani, ua limegeuka, jani, jani, na nikajikuta nafuata kitu kimoja tu, ua, limegeukia wapi. Alafu nikaanza upya nikafuata jani peke yake. Basi ikawa hivyo: kwenye mchoro chagua kitu kimoja, fuata hicho tu, je kinazunguka, kinaongezeka, kinabadilisha rangi, alafu kitu cha pili. Mara nyingi ukishapata sheria mbili majibu matatu kati ya matano yameshakufa, huna haja ya kujua kila kitu. Mama aliniuliza mbona naiangalia leso yake kama naichumbia.

Sasa yale maswali ya utafanyaje. Haya niliyaanguka kwa kujifanya mjanja wa mtaa. Ami alinipa moja: umetumia nguvu kumkamata mtu, ameumia, kitu cha kwanza unafanya nini, unaandika ripoti, unampigia mkubwa wako, unampatia matibabu, ama unawaarifu jamaa zake? Nikasema ripoti, si yeye ndo alinifundisha ripoti! Akatikisa kichwa. Uhai kwanza. Mtu anavuja damu wewe unatafuta kalamu? Mkubwa na jamaa wataarifiwa na karatasi itaandikwa, lakini mtu apate matibabu kwanza. Akanituma nikasome Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha, na ningekushauri hata wewe usiyetaka kazi hii ulisome: askari aanze na njia zisizo za nguvu, nguvu ni pale ambapo hizo zimeshindwa ama hazina matumaini, iwe ya kiasi kinacholingana na jambo lenyewe, na kuamriwa na mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Nilimuuliza Ami kama enzi zake ilikuwa hivyo. Alizima redio, akakaa kimya, akasema kahawa imepoa.

Ndo nikaelewa maswali hayo hayapimi ujasiri wako, yanapima kama unajua ngazi: uhai, usalama wa watu walio karibu, sheria, mkubwa wako, rekodi. Jibu la kishujaa, la wewe peke yako unawafukuza majambazi saba, mara nyingi ndo jibu baya kati ya yale manne. Na jibu la kumfichia mwenzako lina ladha nzuri kwa sababu tumelelewa kufichiana, lakini kifungu cha 244 kinataka Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi na kuheshimu haki za binadamu, huwezi kujibu kama rafiki.

Kukumbuka vitu ulivyoviona nilijifunzia stejini. Unaangalia matatu ama tuktuk kwa hesabu ya thelathini, unageuka, unaandika: namba, rangi, maandishi ya nyuma, kondakta amevaa nini, saa ameivaa mkono gani. Tuktuk zinaanza na KTW hivyo tayari umepunguza kazi, bakisha herufi zinazobaki na tarakimu. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka maandishi ya nyuma tu, yale ya kuchekesha. Baada ya wiki tatu nilikuwa naweza kukwambia taa gani imevunjika.

Na saa. Kuanzia wiki ya sita kila Jumapili nilikaa mtihani mzima, maswali 80, dakika 90, simu iko mbali inahesabu, mdogo wangu ameshaonywa. Katikati ya wiki nilikuwa nafanya vipande, maswali 20 kwa dakika 22. Nilijiwekea kanuni moja, swali likipita dakika moja na nusu bila njia kuonekana naliwekea nukta naenda mbele, hata kama naona aibu, hata kama najua nalijua. Raundi ya kwanza mepesi, ya pili yenye nukta, dakika tano za mwisho najaza yote yaliyobaki kwa kubahatisha, manake maelekezo ya karatasi yetu hayakusema ukikosa unakatwa. Soma maelekezo lakini, mengine hukata. Jumapili ya kwanza nilipata 51. Ya pili 49! Nilitupa kalamu. Ya tatu 63, na haikushuka tena chini ya hapo.

Mbio nilikimbia ufukweni Shelly asubuhi maji yakitoka, sina mengi ya kusema hapo, miguu yangu haijawahi kuwa shida. Kulala ndo kulikuwa shida, na Ami alinikataza kugusa kadi baada ya saa tatu usiku siku tatu za mwisho. Nilimtii siku mbili.

Siku yenyewe nilivuka na feri ya kwanza kwanza, kadi nimeziacha nyumbani makusudi. Chumba kilikuwa na joto, feni moja inazunguka kama inalazimishwa. Swali la hesabu la kunipandisha ubishi lilikuja mapema, namba 14. Nikaliwekea nukta. Mkono ulitetemeka kuliacha, wallahi, kama kumwacha mtoto sokoni. Nilirudi kwake dakika ya 71 na likaisha kwa mistari miwili. Sikuacha hata moja tupu. Mawili matatu najua nilikosa, na usiku huo kabla ya kulala niliyaandika kwenye daftari, tabia imeshaingia.

Nilipata 74. Bado kuna intavyu na madaktari, kwa hivyo msinipongeze sana, kijicho kipo.

Wiki jana binamu yangu wa Kisauni alikuja, naye anataka kujaribu awamu ijayo, akaniomba notsi. Nikamwambia sina notsi, nina kasha. Nikampa. Nilienda kuoga, nikarudi nikakuta amezipanga kadi zote chini kwenye mkeka na anazipiga picha na simu, mbele na nyuma, moja moja, ati atazisoma akipata nafasi. Mama alikuwa mlangoni anamwangalia. Akamuuliza, "Mwanangu, mtu akishikwa Ijumaa jioni, kortini anapelekwa lini?"

Akasema ngoja kidogo shangazi, akaanza kuskroli.